Kofia ya Kijani

Kila baada ya siku ishirini na nane za kazi majini, Jarius Pettway akishuka kwenye boti, huenda kunyoa kabla hajafika nyumbani. Mkewe amelalamika mpaka amechoka. Jarius humjibu kwamba mtu aliyekaa mwezi mzima akifunga nyaya za matishari ya mahindi kutoka Memphis mpaka karibu na bahari hana sura ya kumbusu mtoto wake, na kwamba sura hiyo inatengenezwa na mtu mmoja tu hapa Tulls Landing, naye ni Lavelle Stokes.

Lavelle humsikia akisema hivyo, na kila mara huinamisha kichwa na kujifanya anapuliza nywele kwenye mashine.

Ana miaka ishirini na tisa. Ni mrefu kiasi kwamba hata kiti kikiinuliwa mpaka mwisho bado analazimika kumwinamia mteja, na jioni mgongo humuuma kama wa mzee. Watoto wa mji huu wanamjua kuwa ni kinyozi, msaidizi wa Mzee Tolliver mwenye duka. Wazazi wao wanamkumbuka kwa jambo jingine. Wanamkumbuka kwa kofia.

Kwetu huku Mississippi, kijana wa mpira wa kikapu anayetakiwa na vyuo zaidi ya kimoja hachagui kimya kimya. Anawekewa meza katikati ya ukumbi wa michezo wa shule. Juu ya meza zinapangwa kofia, kila chuo na yake. Shule nzima inakaa kwenye ngazi za watazamaji, na kanisa lake, na binamu ambao hawajaonana naye tangu msiba wa mwisho, wote wakingoja aokote ipi. Akishaivaa, imekwisha. Karatasi za mkataba hufuata baadaye, na karatasi ni mambo ya ofisini. Hakuna mtu mjini anayekumbuka tarehe ya karatasi ya mtu. Kofia wanaikumbuka, na nguo walizovaa siku ile wanazikumbuka pia.

Mwaka ule Lavelle alikuwa na miaka kumi na minane, na timu ya shule ilikuwa na wachezaji wawili wa kuzungumziwa. Lavelle alikuwa mmoja. Jarius alikuwa wa pili, mfupi kwa kichwa kizima, mkabaji asiyechoka, mtu ambaye akikushika jioni unamwota usiku. Kocha Beckwith wa chuo cha kijani, kilicho saa mbili kwa gari kutoka hapa, alikuja mara nne jikoni kwa Bi Ernestine, bibi yake Lavelle, akala kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi, akalegeza mkanda. Mara ya nne Jarius naye alikuwapo mezani, na kocha hakuficha kitu.

"Nafasi niliyobakiwa nayo ni moja," alisema. "Lavelle akiitaka, yake. Asipoitaka, Jarius, nakupigia simu siku hiyohiyo. Sitaki mtu aseme nilimzunguka."

"Sawa Kocha," Jarius akasema huku akichukua kipande cha mwisho cha samaki. "Mimi basi nakaa hapa nangoja huyu avunjike mguu."

"Mguu gani?" Lavelle akauliza.

"Wowote. Mimi sichagui."

Bi Ernestine alimpiga Jarius begani kwa kitambaa cha vyombo, wakacheka wote. Jarius hakuwa na chuo kingine kilichomtaka. Kila mtu pale mezani alilijua hilo, na ndiyo maana walicheka sana.

Alichokuwa hakijui yeyote ni kwamba Lavelle alikuwa akipigiwa simu na mtu mwingine. Alikuwa wakala, mwenye sauti laini isiyo na haraka. Alimweleza kuhusu ligi ndogo: kwamba siku hizi kijana anaweza kuruka chuo, akacheza mwaka mmoja au miwili na watu wazima wanaolipwa, mabasi usiku kucha, viwanja nusu vitupu, lakini macho ya timu kubwa yako pale kila siku. Mji mzima baadaye ulisema Lavelle alifuata pesa. Hakuwahi kubisha, kwa sababu pesa ilikuwa sababu yenye heshima kuliko ile ya kweli. Ukweli ni kwamba Lavelle alikuwa msomaji mzito. Ukurasa mmoja ulimchukua muda ambao wenzake walimalizia sura nzima, na maneno yalimponyoka kama samaki wadogo. Shuleni walimu walimpitisha kwa ajili ya mpira. Alipofikiria chuo, hakuona uwanja wala jezi. Aliona chumba chenye viti, na mtu mgeni akimwambia, endelea wewe kuanzia hapo, soma kwa sauti.

Jumanne moja ya mwezi wa nne aliendesha gari la bibi yake mpaka Memphis, akamwambia anakwenda kutafuta viatu. Kwenye ukumbi wa hoteli alisaini karatasi tisa. Hakusoma hata moja.

"Kuanzia hapa wewe ni mchezaji wa kulipwa," wakala alimwambia. "Chuo kimeshapita, hakirudi. Waambie nyumbani leo leo. Na ile shughuli yenu ya Ijumaa, ya kofia, wafute. Usiwafanyie watu hivyo."

Maneno hayo Lavelle ameyabeba miaka kumi na mmoja. Hawezi kusema hakuambiwa.

Alifika nyumbani jioni, akamkuta Bi Ernestine amesimama akipiga pasi gauni jeupe, lile la wahudumu wa mlangoni kanisani. Glavu nyeupe zilikuwa zimeanikwa juu ya kiti.

"Viatu viko wapi?"

"Hawana saizi yangu."

"Nani ana saizi yako." Aligeuza gauni. "Mchungaji ametoa basi la kanisa kwa Ijumaa. Limejaa, wengine watakuja na magari yao. Unajua, nimewapakulia watoto wa watu chakula pale kantini miaka thelathini na mmoja. Wakakua, wakaenda chuo, wakarudi wamevaa tai, wananipita wakisema habari Bi Ernestine. Nami nawajibu nzuri. Ijumaa nakaa mbele kabisa, na atakayetaka kuona aone juu ya kofia yangu ya kanisani."

Lavelle alisema, "Ndiyo, Bibi." Akaingia chumbani, akalala na viatu.

Jumatano alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya kocha wa shule, akasikia anacheka na mtu ndani, akageuka. Alhamisi jioni alikuwa na Jarius kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa, wenye ringi moja isiyo na wavu. Walirusha mpira mpaka wakawa hawaoni vizuri. Jarius ndiye aliyeanza.

"Kesho usinifanyie masihara, kaka. Nasema hivi sasa ili isionekane nimenuna. Ukiokota ya kijani, napiga makofi mpaka viganja vivimbe."

"Nisipoiokota?"

"Napiga mpaka vidondoke." Jarius alicheka. "Mjomba ameniwekea nafasi kwenye boti. Ile ya kusukuma matishari. Wanaondoka Jumatano ijayo. Nimemwambia angoje nione ya kofia kwanza. Lakini we usinifikirie mimi. Chagua chako."

Ilihitaji sentensi moja. Lavelle alikuwa nayo mdomoni, fupi, maneno mawili tu, nimeshasaini kwingine, na Jarius angeruka juu na kumkumbatia na kukimbia kumwambia mama yake. Hakuna mtu ambaye angeumia kwa sentensi ile isipokuwa mwanamke mmoja mwenye glavu nyeupe, naye angeumia kwa siku chache. Lavelle aliudundisha mpira mara mbili.

"Tutaona kesho," akasema.

Ijumaa kulikuwa na kofia tatu: nyekundu, bluu na kijani. Alikuwa ameamua asubuhi kwamba hataokota yoyote. Angesimama, angeishika maikrofoni, angesema. Aliyapanga maneno akipiga mswaki. Lakini alipokaa mezani na kuinua macho, alimwona Bi Ernestine mstari wa mbele, mgongo umenyooka, mikono miwili yenye glavu imekaa mapajani kama vitu vya kuazima, na nyuma yake safu za nyuso ambazo zingegeuka zote kwa pamoja kumtazama yeye. Mkono wa Lavelle ulinyanyuka. Alijiambia ni kofia tu. Ni kitambaa. Karatasi ndiyo yenye nguvu, na karatasi iko Memphis. Akaivaa ya kijani.

Sauti iliyotoka kwenye zile ngazi anaisikia mpaka leo akiwa anaosha vitana. Wa kwanza kushuka uwanjani alikuwa Jarius. Alimkumbatia kiunoni, kwa kuwa hapo ndipo alipofikia, na kweli alikuwa anapiga makofi mgongoni mwake, kwa viganja vyote viwili.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kunyamaza siku moja zaidi, kisha siku nyingine. Kocha Beckwith alipiga simu kuulizia karatasi ya chuo iliyosainiwa. Lavelle alisema bibi bado hajaisoma vizuri. Akapiga tena. Lavelle akasema bibi anaumwa. Jumatano Jarius aliweka nguo kwenye mfuko wa turubai, akapanda boti ya mjomba wake. Lavelle alimsindikiza gatini. Kulikuwa na ukungu, na Jarius alimfokea kutoka kwenye sitaha kwamba ajifunze kukaba, chuoni hawapendi wavivu. Lavelle akapunga mkono.

Siku ya kumi na moja ligi ndogo yenyewe ilitangaza majina. Siku hiyohiyo, kama alivyoahidi, Kocha Beckwith alipiga simu nyumbani kwa akina Pettway. Alikuwa na siku mbili tu kabla chuo hakijafunga orodha. Mama yake Jarius alipiga kila namba aliyopewa, lakini boti ilikuwa mbali huko kusini, na mpaka inatia nanga mahali penye mtandao siku mbili zilikuwa zimeisha na nafasi imekwenda kwa kijana wa Alabama. Jarius aliposhuka baada ya mwezi, aliambiwa yote kwa mpigo. Alikaa kwenye ngazi za nyumba yao akavua buti. Kisha akasema, na mama yake ndiye aliyelisambaza: "Moyo wake ulichagua vizuri. Watu walimharibu baadaye."

Hiyo ndiyo hadithi ambayo mji uliishika. Kijana alivaa kofia kwa moyo mweupe, halafu wenye pesa wakaja wakamgeuza. Bi Ernestine aliishika pia. Lavelle alicheza misimu mitatu katika ligi ndogo, kwenye mji wa kaskazini wenye theluji mpaka mwezi wa tano, dakika tisa kwa mchezo, halafu sita, halafu akawa anavaa jezi na kukaa. Timu kubwa haikupiga simu. Aliporudi, bibi yake alikuwa kitandani, naye akamuuguza. Mara nyingi akimlisha supu alimsikia akisema, "Siku ile ulichagua vizuri, mwanangu. Mimi niliona." Akazikwa akiwa ameona hivyo.

Mzee Tolliver alimfundisha kunyoa. Na mteja wa kwanza kukaa kwenye kiti chake, wakati wengine walipokuwa wanasita, alikuwa Jarius Pettway. Alijitupa kitini na kusema kwa duka zima, "Ukinikata sikio, bado nitakuwa nasikia kuliko Hosea." Tangu siku ile yeyote aliyefungua mdomo kumsema Lavelle ilibidi apambane na Jarius kwanza.

Hosea Crum ni fundi wa matrekta, mstaafu, ambaye huja dukani kila siku ijapokuwa hana nywele. Jumanne moja ya mwezi wa tatu mwaka huu ndiye aliyelianza tena. Jarius alikuwa kitini, shuka shingoni, nusu ya kichwa imeshapunguzwa.

"Wanasema Ijumaa kuna kofia tena pale shuleni," Hosea alisema. "Natumaini huyu wa safari hii kichwa chake hakibadiliki saizi."

"Anza, Hosea," Jarius alisema bila kufungua macho. "Anza nikumalize."

"Nimesema kofia. Sijataja mtu."

"Huyu jamaa alichagua chuo cha huku kwetu kwanza. Kwanza. Mtoto wa miaka kumi na minane, mbele ya watu wote. Wewe ukiwa na miaka kumi na minane ulikuwa umechagua nini, zaidi ya kumkimbia baba yake mkeo Odessa?"

Mzee Tolliver alicheka mpaka akakohoa. Hosea alikubali pigo, akasema anakwenda kutafuta kahawa, na Mzee Tolliver akamfuata nje kuvuta sigara. Dukani wakabaki wawili. Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwa Lavelle.

"Sikia," Jarius alisema, kwa sauti ya chini zaidi. "Mtoto atakayezaliwa mwezi wa sita ni wa kiume. Tumeshaona. Jina la kwanza mke wangu Shanice amechukua yeye, la babu yake. Mimi nimepewa la katikati. Nimemwambia ni Lavelle. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu yule mtu ni wa kweli, hata alipokosea alikosea baada ya kuwa wa kweli."

Lavelle aliizima mashine.

"Usinipe jina hilo."

"Sikupi wewe. Nampa mtoto."

"Jarius." Alikuwa amesimama nyuma yake, na kwenye kioo waliweza kuonana. "Nilisaini Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Jumanne ile. Kabla ya kofia. Nilikwenda Memphis nikasaini, nikarudi. Alhamisi tunarusha mpira nilikuwa nimeshasaini. Kofia nilivaa nimeshasaini. Hakuna aliyenigeuza."

Jarius hakusogea. Nje Hosea alikuwa anamwambia mtu habari ya mvua. Lavelle alitaka kuongeza kuhusu bibi yake, kuhusu glavu, kuhusu kusoma, na kila aliloliona kichwani lilikuwa la kumpunguzia yeye mzigo, kwa hiyo hakuongeza.

"Gatini ulikuja kunisindikiza," Jarius alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua kwamba ukisema neno moja sipandi."

"Nilijua."

Jarius alijitazama kwenye kioo, upande ulionyolewa na upande ambao bado. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kipimo cha maji mtoni.

"Maliza kichwa," akasema. "Siwezi kumwendea mke wangu hivi."

Lavelle alimaliza. Mkono haukutetemeka, na hilo nalo lilimwaibisha. Alichonga nyuma ya masikio, akapitisha wembe shingoni, akafuta kwa kitambaa cha moto. Jarius aliinuka, akachukua mfuko wake wa turubai. Mlangoni alisimama akiwa amempa mgongo.

"Miaka kumi na mmoja nimegombana na watu katika chumba hiki kwa ajili yako. Nimemvunjia Hosea heshima sijui mara ngapi. Wewe unanyoa tu, unasikiliza."

Jumamosi duka lilikuwa limejaa. Lavelle alizima mashine katikati ya kichwa cha shemasi mmoja, akasema yale aliyosema Jumanne, kwa mpangilio uleule, Memphis, Alhamisi, Ijumaa, gatini. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hazikuja. Watu walitazama viatu vyao. Shemasi alikohoa akasema, "Nyuma pale usipandishe sana." Hosea Crum, ambaye kwa miaka yote alikuwa na neno, alisema tu, "Ernestine alikuja na glavu siku ile," kisha akavaa koti lake akaondoka. Lavelle alijua kwamba sasa hakuna atakayemtania tena kuhusu kofia, na kwamba utani ule ulikuwa ndio mkono wa mwisho walioubakiza begani mwake.

Jarius alishuka boti mwezi wa nne, hakuonekana. Alishuka tena mwishoni mwa mwezi wa tano, hakuja. Akaja tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba, Jumatatu asubuhi, ndevu zimejaa, macho mekundu ya mtu ambaye safari hii amelala kwanza nyumbani na kichanga. Aliwaamkia wote, na Lavelle pia, kwa jina. Kiti cha Lavelle kilikuwa kitupu. Cha Mzee Tolliver kilikuwa na mtu, na mwingine alikuwa akisubiri. Jarius alikaa kwenye benchi, akachukua gazeti.

Lavelle alikuwa ameshakung'uta shuka. Alilikunja tena, akaliweka.

Ilichukua karibu saa nzima. Zamu yake ilipofika, Jarius alikaa kwa Mzee Tolliver, ambaye mkono wake wa kulia siku hizi hutetemeka na ambaye kila mtu anajua hunyoa kwa kwenda upande. Mzee alimfunga shuka.

"Haya, baba Russell," Hosea alisema kutoka konani. "Tumesikia la kwanza. La katikati mmempa la nani?"

"Hana la katikati," Jarius alisema. "Ana moja tu."

"Mtoto wa Mississippi hana jina la katikati? Mama akikasirika huita yote mawili, sasa wake atamwitaje?"

"Atamwita mara mbili."

Wakacheka. Jarius naye alicheka, taratibu, kichwa kikiwa kimetulia chini ya mkono wa mzee. Lavelle alichukua ufagio. Chini ya kiti cha Mzee Tolliver nywele zilikuwa zimeanza kuanguka, na hiyo ni kazi yake, kufagia viti vyote viwili. Alisogea, akainama. Jarius aliinua miguu yake ili ufagio upite, kama anavyomfanyia mtu yeyote, kisha akairudisha.